Mkeka Usiofika Ukutani

Ukindu unapochemshwa na rangi hutoa harufu ya mto na ya chuma kwa pamoja. Nilikutana nayo tena Bugembe hivi karibuni, gari letu lilipokuwa likibadilishiwa gurudumu kando ya barabara kuu. Mwanamke mmoja alikuwa ameinamia sufuria kubwa nyeusi, anageuza majani ya zambarau kwa kijiti, na mvuke ukanijia usoni. Wenzangu walikwenda kutafuta chapati. Mimi nilisimama pale kama mtu aliyeitwa kwa jina, mpaka yule mama akaniuliza, "Nyabo, dada yangu, unataka mkeka ama unataka moshi?"

Nilimwambia nataka vyote viwili. Akacheka, akanisogezea kigoda.

Mimi ni mtu wa kuhama. Napika kwenye kambi za wajenzi wa barabara, na lami ikifika mwisho wake, nasi tunafunga masufuria. Nimelala Soroti, nimelala Arua, nimelala mahali pengine ambapo jina lake sikupata kulitamka sawasawa. Ndugu zangu huniuliza lini nitatulia, nami huwajibu kwamba barabara ikiisha nitatulia. Wanajua na mimi najua kwamba barabara haziishi. Lakini pale kwenye kigoda cha Bugembe nilikumbuka kwamba nilipohama mara ya kwanza sikutaka kabisa, na kwamba kilichonifundisha kukaa ugenini kilikuwa mkeka.

Baba alikuwa mtu wa Teso na askari wa magereza. Tulikuwa tunakaa Jinja alipopata uhamisho wa kwenda Mbale. Mama hakuweza kuja. Nyanya yetu, mama yake mama, alikuwa amelala Bugembe, pale pale kando ya Jinja, na upande mmoja wa mwili haukumtii tena, na hakuwa na mtu mwingine wa kumgeuza kitandani. Kwa hiyo baba alitubeba sisi wawili, mimi na mdogo wangu Opolot, pamoja na godoro, jiko na redio, akatuweka katika chumba kimoja cha nyumba za askari.

Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye kambi mnajua Kiswahili chetu kilivyokuwa. Hakikuwa cha kitabu. Kilikuwa cha watoto wa makabila kumi wanaogombania mpira mmoja. Asubuhi ya kwanza Mbale nilimsalimu jirani wa nje ya uzio kwa lugha hiyo, "Jambo mama, habari ya asubuhi?" Akaniangalia, akawaswaga kuku wake wote ndani, akafunga mlango. Nikamwambia Opolot kwamba kuku wa Mbale hawapendi kusalimiwa. Tuliishika imani hiyo muda mrefu, tukipita pale kimya kwa heshima. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba katika miaka ya bunduki, Kiswahili kilikuja mlangoni pamoja na askari waliotaka kuku.

Shule tuliyopelekwa ilianzishwa na Waislamu wa mjini, ila ilipokea kila mtoto. Mimi niliingia darasa la tano, Opolot la kwanza. Darasa la kwanza halikuwa na madawati. Watoto walikaa kwenye saruji. Wakati wa kiangazi ilikuwa raha, sakafu ilikuwa baridi kidogo kama maji ya mtungini, na wadogo walilala juu yake kifudifudi wakiandika. Lakini kila mtu aliyeijua shule ile alisema mvua ikianza saruji hiyo hugeuka, baridi yake ikapanda mgongoni mpaka kwenye meno.

Na Opolot alikuwa na kifua. Alikohoa tangu tulipohama, kikohozi kikavu ambacho kilimwinua mabega kila kilipokuja. Jioni moja baba alimsikiliza mpaka chai ikapoa mkononi. Kisha akasema, huku akiangalia ukuta, "Mvua ikikuja na hii kifua haijapona, mimi narudisha yeye Jinja kwa mama yake."

"Na mimi?" niliuliza.

"Wewe nasoma hapa. Mama yako ana mgonjwa moja tayari. Wawili anaweza. Watatu hapana."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo sababu niliogopa. Baba akiwa mkali, maneno hupita. Akisema polepole, huwa amekwisha kupanga. Mbale nzima nilikuwa na mtu mmoja tu wa kuongea naye kabla ya kulala, na mtu huyo alikuwa na umri wa miaka sita.

Shuleni kulikuwa na desturi ya kazi za mikono za msimu. Kila kiangazi cha mwanzo wa mwaka, majani yakiwa makavu na mikono ya watoto ikiwa haina shamba la kulima, kila darasa lilitengeneza kitu. Darasa la nne lilifunga mifagio, la sita likasokota kamba za katani. Mwaka huo sisi wa darasa la tano tuliambiwa tusuke mkeka wa darasa la kwanza, ukuta kwa ukuta, uwe tayari kabla ya mvua. Walipotangaza hivyo paredi nilimtafuta Opolot kwa macho kwenye mstari wa wadogo. Nilidhani wametangaza kwa ajili ya Opolot.

Mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Hassani, alikuwa mrefu, mwembamba, na chaki ilikaa nyuma ya sikio lake kama penseli ya seremala. Aliuchukua mkeka ule akaufanya somo la vipimo kwa muhula mzima. Alichora ngazi ubaoni. Juu kabisa kilomita, chini kabisa milimita, na mita katikati kama mwenye nyumba. "Ukishuka unazidisha," alisema, "ukipanda unagawanya." Akatupeleka tukapime chumba cha wadogo. Kutoka ukuta wa mlango hadi ukuta wa dirisha, mita nne. Urefu wake, mita sita. Tukarudi darasani, mita nne ikashuka ngazi ikawa mia nne.

Hapo ndipo nilipopotea. Nilichoona ni kwamba kitu kinashuka na kinakua. Mia nne ni kubwa, mia ni ndogo, sikuona cha kuuliza tena. Jioni nikamwambia Opolot habari njema.

"Baba alisema Jinja ni kilomita mia moja na kitu. Darasa lenu, mlangoni mpaka dirishani, ni mia nne."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Jinja ni karibu kuliko ukuta."

Alifikiri. Akakohoa, akafikiri tena. "Basi kesho twende tumwone mama, turudi kabla ya uji."

Nilicheka, nikasahau. Yeye hakusahau. Asubuhi Mwalimu Mariamu wa darasa la kwanza, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu sokoni, alimkuta langoni ameshika kikombe chake cha bati, anaelekea njia ya mjini. Akamleta darasani kwetu kwa mkono.

"Mwalimu Hassani, huyu mzee anasafiri. Anasema dada yake amepima, Jinja ni karibu kuliko ukuta wangu."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Nambozo, msichana aliyekaa nami dawati moja na aliyeshuka kila siku kutoka mlima wa Wanale kwa miguu, alicheka mpaka akajifuta macho kwa sketi. Tangu siku hiyo jina langu likawa Jinja. Siraji, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa, akapaza sauti, "Jinja, nenda kwenu ulete samaki, mimi nashika nafasi yako foleni ya uji!"

Mwalimu Hassani peke yake hakucheka. Aliniita mbele, akaniuliza, "Ukuta ni mia nne ya nani?"

Niliitazama ngazi ubaoni.

"Namba bila kipimo ni mtu bila ukoo. Akija kwako utamkaribisha kwa jina gani? Mia nne ya nani?"

"Ya... sentimita."

"Na mia ya Jinja?"

"Ya kilomita."

"Sasa panda ngazi."

Nilipanda, pale mbele ya watu wote, chaki ikinilia mkononi. Mia nne ya sentimita ilipanda ikawa nne, nne ikapanda ikawa sehemu ndogo sana ya kilomita, sifuri nyuma ya nukta, kitu ambacho hata jina lake liliniponyoka. Kisha nikaishusha Jinja. Ilishuka kipandio baada ya kipandio na kila mara ilivuta sifuri nyuma yake, mpaka ubao ukakaribia kuniishia. Nilielewa mama alikuwa mbali kiasi gani. Sikulia. Opolot alikuwa mlangoni bado, ameshika kikombe, akiziangalia zile sifuri kama mtu anayeangalia ng'ombe wa watu wakipita.

"Ni nyingi," alisema.

Mwalimu akanipa fimbo ya mita, ya mbao, yenye alama ya makaa kwenye sentimita nane. Akasema kuanzia leo huyu ndiye mpimaji wetu. Wengine walidhani ananiadhibu. Mimi pia.

Hesabu ya mkeka ilikuwa hivi. Mikeka ya kwetu haifumwi kipande kizima. Unasuka ukili, yaani utepe mrefu wa majani, kisha unazishona kili upande kwa upande. Ukili wetu ulikuwa na upana wa sentimita nane. Chumba ni sentimita mia nne, kwa hiyo kili hamsini. Kila mmoja una urefu wa mita sita, jumla mita mia tatu. Darasani tulikuwa sitini. Kila mtoto mita tano, za kuungwa baadaye ziwe kili za mita sita, au kama Mwalimu alivyopenda kutusikia tukisema kwa pamoja, "sentimita mia tano!"

Kaka zake Nambozo waliteremsha ukindu kutoka mabondeni. Tuliuchana kwa kucha, tukauanika ukawa mweupe, mwingine tukauchemsha na rangi nyuma ya jiko la shule. Siku hizo zote mikono yetu ilikuwa ya zambarau na kijani, na harufu ile ilikaa kwenye uji, kwenye vitabu, kwenye nywele. Unasuka ukiwa umeushika mwanzo kwa kidole gumba cha mguu. Unalowesha majani kidogo yasivunjike, unapitisha juu, chini, juu, na ukili unatoka mbele yako polepole kama ulimi. Mwanzoni wangu ulikwenda upande kama mlevi. Nambozo aliufumua wote bila kuuliza, akaanza upya, akanirudishia. "Vuta kidole cha kati," alisema, "si roho yako."

Waliomaliza walileta kwangu. Niliweka fimbo chini, nikahesabu mara tano. Wavulana walikuwa wakivuta ukili ili ufike.

"Usivute! Hii si mpira!"

"Sijavuta, Jinja, umejinyoosha wenyewe."

Wa Siraji ulikuwa mpana kuliko alama yangu ya makaa karibu vidole viwili. Nambozo aliutazama akauliza kama huo ni ukili ama barabara ya Tororo. Siraji alienda kufumua huku akitutukana kwa Kimasaba, lugha ya wenyeji, ambayo kufikia hapo nilikuwa naielewa vya kutosha kucheka.

Nilipima kila kipande. Sikuruhusu hata kimoja kilichopungua upana wa ukucha. Usiku wa kila siku Opolot aliniuliza mkeka umefika wapi, nami nilimjibu kwa mita na kwa sentimita, na akaanza kuuliza mwenyewe, "Ya nani?" Baba alitusikiliza akifuta buti. Kikohozi kilikuwa palepale. Mawingu yakaanza kukaa juu ya mlima wa Wanale mchana, yakiondoka jioni kama watu waliokuja kuangalia kiwanja kabla ya kununua.

Tulishona Jumamosi moja, uwanjani, kila watoto wanne kwa sindano moja nene ya shazia na uzi wa katani. Mwalimu Mariamu alipita katikati yetu akipiga magoti ya watu kwa kijiti, akisema mshono uumane, ukindu ushike ukindu, usiache tundu la panya. Tulibana. Jioni tuliubeba mkeka mabegani, sitini chini ya kitu kimoja kama jongoo, tukauingiza darasa la kwanza na kuukunjua kuanzia mlangoni.

Haukufika ukutani.

Ulisimama kabla ya dirisha, ukaacha saruji tupu kutoka pembe hadi pembe, karibu nusu mita. Kisha macho yote yakaja kwangu na kwenye ile fimbo.

"Jinja," alisema Siraji, taratibu, "ulipima na fimbo ama na usingizi?"

Nilipiga magoti nikapima chumba. Mita nne. Nilihesabu kili. Hamsini. Mara nane, mia nne. Namba zilikuwa sawa na mkeka ulikuwa mfupi, na mimi nilihisi dunia imenidanganya kwa mara ya pili. Kwa sababu nilijua ni nani aliyekaa chini ya dirisha. Opolot alikuja muhula ukiwa umeanza, nafasi nyingine zilikuwa zimejaa, akapewa mstari wa mwisho, mgongo ukutani. Nilipanda na kushuka ngazi kichwani, na kila kipandio kilinipa jibu lile lile: mtoto wa miaka sita anaenea mzima katika nusu mita ya saruji.

Mwalimu Hassani aliichukua fimbo. Aliilaza juu ya kili mbili zilizoshonwa. Akatazama, akaondoa, akailaza tena mahali pengine.

"Nane na nane?" aliuliza.

"Kumi na sita."

"Njoo usome."

Kumi na tano. Kila ukingo uliuma ukingo mwenzake, na mshono ulikuwa umekula sentimita moja. "Mishono ni arobaini na tisa," alisema Nambozo kwa sauti ndogo. Mwalimu alikaa chini pale pale kwenye mkeka, miguu yake mirefu mbele yake, akacheka kicheko cha mtu aliyejikwaa barabarani mbele ya wakwe. "Tumepima majani yote," alisema, "na hakuna hata mmoja wetu aliyeikumbuka sindano."

Nilimwuliza kama tunaweza kusuka kili nyingine. Ukindu ulikuwa umekwisha, na mabondeni maji ya mvua ya mlimani yalikuwa yameanza kupanda. Niliomba gunia la kufunika ile saruji. Mwalimu Mariamu, ambaye tangu tuukunjue alikuwa ameegemea mlango akiuangalia mkeka kwa kichwa kilichoinama upande, alisema tu, "Acheni ulivyo. Nendeni nyumbani kabla hamjalowa."

Mvua ilinyesha Jumanne, ya kwanza, ile inayoanza na vumbi. Ilipiga mabati mpaka Mwalimu Hassani akaacha kufundisha kwa mdomo, akawa anaandika tu. Mimi sikuandika. Wakati wa mapumziko nilikimbia chini ya mteremko wa paa hadi darasa la kwanza, tayari nimevua sweta yangu niikunje Opolot aikalie.

Sikumwona chini ya dirisha. Hapakuwa na mtoto hata mmoja chini ya dirisha. Ile saruji tupu, kutoka pembe hadi pembe, ilikuwa imejaa viatu. Ndala, raba zilizokatwa kisigino, gambuti za mvua, viatu vya dada na vya kaka, vyote vimejaa tope jekundu, vimepangwa vikiangalia ukuta. Wasiokuwa na viatu walikuwa wamefuta miguu kwenye gunia. Na watoto wote walikuwa wamesogezwa katikati ya mkeka, goti juu ya goti, wakitoa joto kama ndama. Opolot alikuwa katikati kabisa, akisoma herufi kwa kelele, na mtoto fulani amelalia mgongo wake.

Mwalimu Mariamu aliniona na ile sweta mkononi.

"Wewe ndiye mpimaji? Mlitaka kuutandika mkeka ukuta kwa ukuta. Sasa hawa wangeweka viatu wapi, kichwani?"

Nyumbani kwetu mkeka ulikuwa wa kulalia, uliutandika penye nafasi. Wenzangu wengi, hata wale waliovua viatu kila Ijumaa mlangoni mwa msikiti, hawakuwa wameliwazia hilo kwenye hesabu. Nilikuwa bado nimesimama pale, sijui nicheke au niombe radhi, nilipohisi mlango umeziba mwanga.

Alikuwa baba. Alikuwa ametoka zamu, koti la mvua likimwaga maji pande zote, na nilijua kilichomleta. Ilikuwa mvua ya kwanza. Alikuja kusikiliza kifua. Aliinua mguu aingie.

"Afande," alisema Mwalimu Mariamu, bila kuinuka. "Viatu."

Darasa zima likageuka kuangalia miguu yake. Buti za baba zilikuwa za kamba, mpaka juu ya kifundo. Nilidhani atageuka aondoke. Aliinama, akafungua kamba tundu kwa tundu, maji yakimdondoka puani, watoto wakimhesabia. Alikuwa na soksi moja yenye tundu kwenye kidole gumba. Mtu akacheka, akafinywa na mwenzake. Baba alinipa buti zake, nami nikazibeba kwa mikono miwili nikaziweka pale chini ya dirisha, kati ya gambuti mbili ndogo. Zilienea.

Alipita kati ya watoto kwa uangalifu kama anayevuka shamba la mtu, akachuchumaa nyuma ya Opolot, akaweka kiganja kwenye mgongo wake. Alikaa hivyo muda. Opolot alikohoa mara moja, kidogo, akaendelea na herufi zake. Baba akashusha mkono wake kwenye mkeka, akaupapasa, rangi ya zambarau, rangi ya kijani.

"Hapa iko joto," alisema, kama anamweleza mtu mwingine.

Aliporudi mlangoni nilimshikia koti. Alifunga kamba polepole, mguu mmoja, kisha wa pili. Nilingoja neno Jinja. Aliangalia mvua, akaangalia mle ndani kwa mara nyingine, akavuta kofia juu ya masikio.

"Kesho leta yeye mapema," alisema. "Apate nafasi ya katikati."